Uji wa Wapakiaji

Mbinga Mjini
2 Septemba 2024

Fundi Vitalis,

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Jana nimekwenda kwako mwenyewe, mkeo Lidia akanionyesha simu yako imelala kabatini, akasema umekwenda kwa dada yako Lundo na hajui utarudi lini. Basi naandika. Barua nampa kondakta wa basi la Mbamba Bay, yeye atatafuta bodaboda wa kuifikisha.

Kwanza, Tadea yu hai. Hospitalini walimkata mkono wa kulia, chini ya kiwiko, siku ileile uliyoondoka. Nakuambia kwa sababu hukungoja kujua.

Pili, afisa kazi amekuja kwenye mashine mara mbili. Anataka kujua kwa nini mkanda haukuwa na kava, na fundi wa zamu alikuwa katika hali gani. Mdogo wangu Thabiti, kama msimamizi, ameandika maelezo: kwamba tarehe 21 Agosti ulifika kazini umelewa, na kwamba kava la mkanda ulilitoa wewe mwenyewe kwa ulevi wako, bila kumwambia mtu. Karatasi ya kukubali hayo iko ndani ya bahasha hii. Weka sahihi, mpe kondakta airudishe. Ukifanya hivyo sitakwenda polisi.

Miaka tisa umekoboa na kusaga mahindi kwangu. Jumatatu ya Pasaka nilikukuta umelala juu ya magunia, nikanyamaza. Ubatizo wa mwanao ulikupoteza siku tatu, nikanyamaza. Mimi pombe sijui hata ladha yake, na katika dini yangu ni haramu, lakini sijawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya kiu yake. Wenye mashine wengine hapa mjini hawawapi watu hata maji. Kwangu kila mchana wapakiaji na wafungashaji wanapata uji, na sukari naitoa nyumbani. Haya ndiyo malipo yake?

Nataka sahihi tu. Ukweli unaujua.

Rukaiya Abdulazizi


Lundo
9 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Barua imenifikia Ijumaa nikiwa kwenye matuta ya mihogo ya dada. Karatasi sikuitia sahihi. Nairudisha ilivyo, na naomba unisome mpaka mwisho.

Niliondoka kwa woga. Hilo sina namna ya kulipamba. Simu niliiacha kwa makusudi, maana ikilia ujue ni yule mpakiaji wako Zabron yuko kilabuni anauliza nafika saa ngapi. Siku niliyofika hapa, dada yangu Ottilia aliniambia neno moja: "Ukinywa, usirudi kwenye mlango huu." Siku nne za mwanzo mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya shati, shemeji akanifungia kama mtoto. Leo ni siku ya kumi na tisa. Mikono imetulia, kama unavyoona mwandiko.

Sasa, kunywa ni kweli. Jana yake nilikunywa gongo. Asubuhi sikuwa napepesuka, lakini ungeniuliza jina la sista aliyenifundisha darasa la kwanza ningelitafuta kwanza. Mtu wa namna ile hapaswi kushika mashine. Hilo liandike, nitatia sahihi hata mara mbili.

Kava ni habari nyingine. Jumatatu ya wiki ile malori mawili ya mahindi ya Kitai yalikuwa yamesimama nje, mkanda ukatoka kwenye puli mara ya pili, na kila ukitoka ilibidi kwanza nifungue kava. Ulikuja ukasimama mlangoni, umejiziba pua na mtandio kwa sababu ya vumbi la unga. Ukasema, "Vitalis, hilo dude litoe, linatuchelewesha. Tutalirudisha msimu ukiisha." Nikasema, "Mama, hapa watu wanapita." Ukasema, "Watu wana macho." Nikachukua spana. Mdomo ulikuwa wako, mkono wangu. Karatasi ya Bwana Thabiti ina mkono tu.

Siku yenyewe, Tadea alipita na mifuko mitupu, mkanda ukashika mkono wa gauni. Nilikimbilia swichi palepale nikazima. Namna alivyolia siwezi kuandika.

Tena hili la uji. Nimelisoma mara tatu nikadhani unanikejeli. Mama, uji gani? Kila siku saa sita Bwana Thabiti anatuma madumu mawili ya njano kutoka kilabu cha nyuma ya soko. Ni komoni, pombe ya mahindi. Yeye ndiye aliyesema tuiite uji, ili wewe ukipita tusikuvunjie heshima. Lori likishuka haraka, dumu la tatu linakuja. Sukari sijawahi kuiona. Sote tuliamini kwamba unajua na unajifanya hujui, na mimi kila nilipoona unaninyamazia nilisema moyoni, ananyamaza kwa sababu anatunywesha yeye.

Kama ulikuwa hujui, basi nisamehe kwa kulisema hivi. Lakini limeshasemwa.

Wako,
Vitalis


Mbinga Mjini
16 Septemba 2024

Vitalis,

Nimesoma. Sijui gongo la Lundo lina nini, lakini limekufundisha kutunga.

Thabiti ni tumbo moja na mimi. Nimemlea tangu mama yetu alipofariki. Kila Jumamosi namkabidhi sukari mkononi mwake, na wewe unaniambia sukari hujawahi kuiona! Nimemuuliza, ameapa. Kati ya kiapo chake na barua ya mtu aliyekimbia, ungekuwa wewe ungeshika kipi?

Maneno ya mlangoni siyakumbuki. Msimu mzima nasema maneno mengi.

Afisa kazi anatukutanisha Jumatatu, tarehe 7 Oktoba, saa nne asubuhi. Usipofika, karatasi ya Thabiti ndiyo itakayosomwa.

Rukaiya


Mbinga Mjini
22 Septemba 2024

Kaka Vitalis,

Usicheke herufi. Naandika kwa mkono wa kushoto na nimeanza Alhamisi.

Mama Rukaiya alikuja hapa nyumbani na barua yako. Akanisomea yote. Kisha akaniuliza, "Tadea, huo uji ni uji au ni pombe?" Nikamwambia ni uji.

Nilimdanganya na nitakuambia kwa nini. Siku ile nilikunywa vikombe viwili. Nilitoka nyumbani alfajiri sijala, na wewe unajua kule hakuna chakula kingine mpaka jioni. Wanawake wote wa kufungasha tunakunywa. Tunaita uji kwa sababu kwetu ulikuwa chakula. Sasa kina mama wa jumuiya wananiletea ugali zamu kwa zamu, wananiogesha, wananisuka. Wakisikia nilikuwa nimekunywa, watasema mkono umekwenda kwa ulevi. Na afisa naye atasema hivyohivyo. Kwa hiyo tarehe 7 ukija, sema kava. Mimi nilikuwepo mlangoni siku Mama anaamuru litolewe, nilisikia, nitasema. Uji usiutaje. Usinisaidie kwa kunivua nguo mbele za watu.

Jambo la pili. Umemwandikia Mama kwamba ulikimbilia swichi palepale. Kaka, hukukimbia. Ulikuwa umekaa kwenye gunia kichwa kimeinama. Nilipiga kelele "Zima!" Nikapiga tena. Mara ya tatu ndipo ulipoinuka. Daktari aliniambia kiganja kingeweza kubaki.

Mama aliposoma pale nilinyamaza. Sikunyamaza kwa ajili yako. Nilitaka wewe ndiye uandike upya.

Tadea


Lundo
29 Septemba 2024

Dada Tadea,

Nilipofika kwenye kiganja niliweka barua chini nikatoka nje. Nilitembea ufukweni mpaka nyumba zikaisha, halafu nikarudi nikaimaliza.

Ni kweli. Nilisinzia. Nilisikia sauti ya kwanza nikadhani ni Zabron anatania na wafungashaji. Ya pili nilijua ni wewe, ila miguu haikuja. Nimejidanganya mwezi mzima kwamba nilikimbia, mpaka nilipomwandikia Mama nilikuwa ninaliamini. Ottilia nilimwambia hivyo. Padri nilimwambia hivyo kwenye kitubio. Leo nimemwambia Ottilia jinsi ilivyokuwa. Alinisogezea sahani nile.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitakuja tarehe 7 kwa miguu yangu na nitayasema haya mbele ya afisa, mbele ya Mama, na wewe ukiwepo. Nitasema gongo la jana yake, na nitasema kwamba saa sita dumu lilipokuja na mimi nilikunywa, kisha nikakaa kwenye gunia. Hilo la dumu siwezi kuliacha, Dada. Nikiliacha, wale waliobaki wataendelea kuletewa, na kesho mkanda utamshika mwingine. Nitalisema kama jambo langu. Nani mwingine alikunywa, hata nikiulizwa mara kumi, nitajibu kwamba niliangalia kikombe changu tu. Vikombe vyako ni vyako.

Najua nakuweka mahali pabaya. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata.

Vitalis


Mbinga Mjini
12 Oktoba 2024

Vitalis,

Uliondoka pale ofisini kabla sijakufikia, ukawahi basi. Nina mambo ya kukuambia na ni afadhali niyaandike, maana mdomo umenisaliti mara moja mbele yako.

Siku moja baada ya kukuandikia ile barua ya kukutukana, nilikwenda kwenye mashine saa sita, bila kumwambia Thabiti. Nikampata Zabron na kikombe. Nikamwambia, "Nimiminie uji na mimi." Akakificha mgongoni. Mtu mzima, ana wajukuu, anakificha kikombe mgongoni kama mtoto aliyeiba nyama. Sikuhitaji kuonja. Nikarudi nyumbani, nikamuuliza Thabiti sukari ilikwenda wapi, akaanza kucheka, halafu akaona sicheki.

Kwa hiyo tarehe 7 niliingia pale ninajua. Nilikuwa nimejua karibu wiki tatu. Na wewe uliposimama ukasema gongo, ukasema gunia, ukasema sauti tatu za Tadea, ulipomgeukia ukashindwa kumtazama kisha ukajilazimisha ukamtazama, mimi nilikuwa nimekaa pale na ukweli wangu nimeukalia. Afisa akaniuliza, "Mama, uliamuru kava litolewe?" Nikanyamaza. Nilikuwa nahesabu nitakachopoteza. Akaniuliza, "Ulijua kuhusu pombe?" Nikanyamaza tena.

Ndipo Tadea akainuka. Hakuna aliyemuuliza yeye kuhusu kunywa. Akasema, "Mimi pia nilikunywa vikombe viwili, kwa njaa. Na nilimsikia Mama akisema watu wana macho." Mwanamke ambaye angeweza kupoteza hata hayo madai yake ya fidia amesema, na mimi nisiyejua ladha ya pombe nimekaa kimya! Nikasikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nikasema, "Nilisema. Nilisema litolewe, na maneno yalikuwa hayohayo."

Ulikuwa umeshatoka nje afisa alipotoa uamuzi. Madai ya Tadea yanaendelea. Afisa amesema mkanda usio na kava ungemshika hata mtu aliyefunga, na kosa la kwanza ni la mwenye mashine. Nimetia sahihi.

Thabiti nimemtoa kwenye mashine. Ni ndugu yangu, atakula kwangu, lakini hataamuru watu tena. Kava limerudi. Saa sita sasa kuna ugali na maharage, nimemwajiri mpishi. Zabron na wenzake watatu wameniacha, wamekwenda mashine ya ng'ambo ya soko ambako bado wanapewa komoni. Waende. Mlangoni nimebandika tangazo kubwa: ATAKAYEKUJA AMEKUNYWA AMEJIFUKUZISHA KAZI.

Nakuomba urudi. Fundi mpya, Alphonce, ni kijana mzuri lakini mashine hajaijua.

Rukaiya


Lundo
27 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Nashukuru kwa barua. Najua haikuwa rahisi kuiandika.

Nakuambia kabla hujaambiwa na mtu: tarehe 19 nilikwenda mazishini Liparamba, upande wa mke wangu, na nilikunywa. Nilianza kwa kikombe cha heshima, nikamaliza siku nimelala kwenye majani ya mtu. Niliporudi Ottilia alikuwa amefunga mlango kama alivyosema. Nilikaa kwa jirani siku mbili. Siku ya tatu alinifungulia, akaniambia, "Anza tena." Nimeanza tena. Leo ni siku ya nane.

Ndiyo maana siji sasa. Mahindi yako hayawezi kunisubiri mimi nijijue. Nikija, nataka kuja nikiwa mtu ninayeweza kumwamini kwenye swichi, na bado sijawa.

Lakini tangazo lako, Mama, naomba uliondoe. Usinielewe vibaya, sitetei kunywa. Nasema kama mtu aliyekunywa kwako miaka tisa. Mimi asubuhi ya tarehe 21 nilijua sifai. Nilijua njiani, nilijua nilipovaa ovaroli. Kama kungekuwa na mtu wa kumwambia, "Leo sifai," nisifukuzwe, nisichekwe na Bwana Thabiti, huenda ningesema. Nilikuwa na watoto wawili wa sekondari, ningesemaje? Nikatafuna karafuu kuficha harufu, nikawasha mashine. Tangazo lako litawafundisha Alphonce na wenzake kutafuna karafuu.

Andika hivi: atakayejiona hafai aseme kabla mashine haijawashwa. Siku ile atafagia, atashona magunia, au ataenda kulala, kesho arudi. Atakayeficha ndiye aondoke. Na mwenye kusema nani awashe asiwe wewe, kwa sababu wewe una malori nje. Mpe Tadea. Mkono mmoja unatosha kwa swichi, na hakuna kijana atakayethubutu kumdanganya mwanamke yule machoni.

Nafanya kazi ndogondogo kwenye mashine ya mpunga hapa Lundo. Mwenye mashine anajua kila kitu. Nilimwambia siku ya kwanza.

Vitalis


Mbinga Mjini
24 Novemba 2024

Kaka Vitalis,

Herufi zimeanza kukaa sawa, utaona.

Mama alikuja na barua yako, akanisomea kama ile ya kwanza. Alipomaliza aliikunja, akasema, "Huyu mtu ananifundisha kazi yangu." Nilidhani amekasirika. Kesho yake tangazo halikuwepo mlangoni, na mimi nimepewa kiti karibu na swichi. Wengine walinung'unika. Mmoja alisema sasa mashine inaongozwa na mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa atajulikana saa moja asubuhi, tusubiri.

Wiki mbili hakuna aliyesema kitu. Kila asubuhi nilikuwa nauliza mmoja mmoja, "Unafaa?" Nao wanajibu, "Ninafaa," wanapita. Nikaanza kuona kama ni sala tu ya kukariri.

Jumanne iliyopita Alphonce alifika, akasimama mbele yangu, akavua kofia. Nikamuuliza, "Unafaa?" Akasema, "Dada Tadea, leo sifai. Jana tulikuwa na harusi." Alisema kwa sauti, watu wote wakasikia. Wakacheka. Na nje kulikuwa na watu wa Kitai na mahindi yao, wamefika tangu alfajiri, na fundi mwingine hatuna. Wakaanza kelele. Mmoja anasema mpeni kahawa kijana atachangamka, mwingine anasema atapeleka mzigo ng'ambo ya soko.

Mama akatokea mlangoni. Alinitazama, nami nikamtazama. Nilijua anayahesabu magunia yale. Akawauliza watu wanataka nini, wakamwambia. Akasema, "Leo mashine imesimama. Anayetaka kwenda aende, anayetaka kungoja kuna ugali saa sita." Wengi walikwenda. Wanne walibaki. Alphonce alifagia uwanja mzima mpaka nyuma ya choo. Mama alikaa nami kwenye benchi kutwa, tunaitazama mashine imenyamaza, na kila lori lilipogeuza kuondoka alikuwa anafumba macho kidogo.

Kesho yake Alphonce akaja mapema kuliko wote. Nikamuuliza, akajibu, nikawasha. Ijumaa, mama mmoja wa kufungasha alisema hafai, mtoto wake hakulala kwa homa. Nikamrudisha nyumbani. Hakuna aliyecheka.

Kina mama wa jumuiya wamesikia habari za vikombe vyangu. Wawili hawaji tena. Wengine wanakuja.

Kaka, sijakusamehe. Asubuhi nikishindwa kufunga kanga nakukumbuka, na sikukumbuki kwa wema. Lakini Mama ananiuliza kila wiki utakuja lini, na Alphonce anahitaji mtu wa kumfundisha mkanda. Njoo baada ya Krismasi. Kazi ipo. Utapita kwangu kama wote wanavyopita, na nitakuuliza. Kama hufai, useme, ufagio upo. Kama unafaa, sema hivyo, na mimi nitawasha.

Tadea